Barua Mfu

Saa saba usiku, ghorofa ya tatu ya benki, Ruwi.
Kiyoyozi kinakoroma kama mtu aliyelala chali.
Muhannad, wiki yake ya pili kazini, ananionyesha kioo:
"Hizi elfu moja mia moja na arubaini zimekufa.
Imeandikwa hapa. Foleni ya barua mfu.
Si tuzifute, dada, twende tukale?"

Mwisho wa mwezi, na Ramadhani iko mlangoni.
Kidole chake kiko juu ya kitufe.

Nikamwambia: ondoa mkono.

Neno hilo ni la watu wa posta,
wa enzi za lakiri na mihuri.
Barua mfu haikufa.
Imekosa mlango wa kupigia hodi,
ikawekwa kando pamoja na sababu yake
imngoje mtu mwenye macho.
Fungua moja. Soma.
Mshahara wa Lakshmanan, mfagia barabara, Barka,
riali tisini na tano.
Haya, nionyeshe maiti.

Akanyamaza. Akavuta kiti.
Swali likazaa swali.
Meneja wa foleni ni nani, mbona hatumwoni?
Si mtu, wala hasimamii foleni moja;
ni nyumba nzima, na vyumba vyake, na funguo.
Aliyeipa jina hilo alikuwa na haraka.
Na mfereji?
Hapo nilicheka.
Kwetu Mabela mfereji ndipo unapojazia birika.
Kwa shangazi yangu wa Dar ni mtaro, usitie mguu.
Kwa babu yako Izki ni falaji,
na zamu za maji zilihesabiwa kwa nyota.
Humu ni njia ya kwenda tu.
Ukitaka jibu, uchimbe wa pili.

Kuna neno moja sikumfasiria.
Kitabu cha zamani, ukurasa aliokunja Bwana Ghasani
kabla hajastaafu:
mashine moja inaitwa bwana, mwenzake mtumwa.
Muhannad alilisoma, kisha akanitazama,
yeye na rangi yake, mimi na yangu,
na bibi zetu wote wawili wamekuja na meli.
Ghasani alikuwa amelikata kwa penseli, kidogo,
kama mtu anayeogopa kukutwa,
akaandika pembeni: wa kwanza, wa pili.
Nikachukua kalamu ya wino, nikapita palepale.

Tukarudi kwa barua zetu.
Zote zilikuwa na kosa moja: anwani.
Tawi la Matrah lina jina jipya tangu Rajabu,
mfumo wa mishahara hakuna aliyeuambia,
ukaendelea kuliita kwa jina la kale,
na jina la kale halina mlango tena.
Nikaandika mstari mmoja tu:
ukisikia lile, elewa hili.
Mia tisa zikabaki. Mia tatu. Kumi na sita.
Moja ikagoma.
Inakwenda, inarudi. Inakwenda, inarudi.
"Hiyo wanaiita yenye sumu," akasoma Muhannad.
Haikuwa na sumu. Ilikuwa na jina la mtu,
na ndani ya jina herufi ambayo mashine haikufunzwa.
Tukaiweka kando hadi asubuhi.

Nilipofika nyumbani Bibi Shinuna alikuwa jikoni.
"Simu yako ya upepo umeizima, nimekupigia weye mpaka basi."
Ndivyo anavyoiita ya mkononi, wajukuu humcheka.
Mimi nimeacha. Neno lake linajua kinachobeba sauti,
letu linajua mkono tu.

Nikamsimulia kuna foleni iitwayo ya mbali.
Haina kitu ndani, haijapata kuwa na kitu,
ni jina linalokaa hapa
la jambo lililoko kule.
Akakoroga uji.
"Mimi ninayo hiyo," akasema. "Yaitwa Wete."

Kisha akauliza, na huyo mmoja aliyebaki,
mwenye mshahara wake,
jina lake nani?
Nikalitaja, nikakosea.
Nikalitaja tena.